Sura ya Nne: Mwewe wa Mbalamwezi

Mwewe alikuwa amelazwa ndani ya deli la kuuzia soda, juu ya barafu iliyoanza kuyeyuka, bawa moja limekunjwa na jingine limetokeza nje kama mkono wa mtu aliyepewa kitanda kifupi. Asheri Shemhilu alimtazama kwa muda kabla ya kumgusa. Alikuwa amechunguza ajali za ndege kwa miaka kumi na tisa, na alikuwa na desturi ya kutazama kwanza, kuuliza baadaye, na kugusa mwisho.

"Huyo ndiye mkosaji," alisema Sabiri, msimamizi wa kiwanja. "Na aliyemwalika yuko kule."

Alinyoosha kidole upande wa pwani. Nyuma ya vichaka, umbali usiofika kilomita moja, zilionekana nguzo za chanja ambazo wanawake wa Kigombe huanikia dagaa.

"Ulimwona akitoka kule?" Asheri aliuliza.

"Mzee, hapa Kigombe nani asiyejua mwewe wanatoka wapi?"

"Nimeuliza kama ulimwona."

"Sikumwona."

"Ahsante." Asheri akaliandika jibu hilo kama lilivyo.

Mambo yaliyokuwa hayana ubishi yalikuwa machache. Jana, Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ndege ndogo yenye abiria watano iliondoka katika kiwanja cha Kwamnazi, kiwanja cha nyasi kilichoachwa na shamba la mkonge lililokufa zamani, ikielekea Unguja. Kabla haijapita juu ya vilele vya minazi, mwewe alipasua kioo cha mbele upande wa rubani. Vipande vilimwingia rubani, Anastazia, katika jicho la kushoto. Aliigeuza ndege kwa jicho moja na kuitua pale pale ilipotoka. Abiria walishuka wakitetemeka lakini wazima. Yeye alikuwa hospitali, Tanga mjini, na madaktari walikuwa hawajasema kama jicho lile litaona tena.

Jioni ya siku hiyo hiyo mtendaji wa kata, bwana Rahimu, aliandika barua: chanja zote zilizo karibu na kiwanja zing'olewe Alhamisi, saa kumi alasiri. Sasa ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Wanawake hamsini na watatu walikuwa wakiishi kwa chanja hizo, na Asheri alikuwa na saa saba.

Alivaa glavu, akamlaza mwewe juu ya gazeti, akafungua kwa wembe mfuko wa chakula ulio chini ya koo. Sabiri aligeuza uso pembeni.

"Ukipenda unaweza kutoka," Asheri alisema kwa upole.

"Nitakaa. Nataka uzione hizo dagaa kwa macho yako."

Asheri alitoa yaliyomo kwa kibano, kimoja kimoja, akavipanga kwenye karatasi nyeupe: mguu wa panzi, kisha mwingine, kisha panzi mzima mwenye mbawa zake, kijani kibichi kama aliyetoka kukamatwa. Nyuma yake panzi wengine saba. Mwisho mkia wa panya. Aliinamia karatasi ile kwa kioo cha kukuzia, akatafuta magamba, akatafuta miiba. Hakupata hata kipande cha samaki.

"Hajafika bado kwenye dagaa," Sabiri alisema haraka. "Alikuwa njiani."

"Inawezekana," alijibu Asheri. "Lakini hawa panzi bado wana umbo lao. Mwewe huyu alikufa muda mfupi baada ya kuwala. Bwana Sabiri, wewe ni mwenyeji. Panzi wanane na panya mmoja kwa mlo mmoja, mwewe huwapata wapi?"

"Porini."

"Pori gani?"

"Pori ni pori, mzee."

Asheri alifunga karatasi, akaandika saa juu yake, akaomba aonyeshwe njia ya kwenda kwenye chanja. Sabiri alimwonyesha kwa mkono tu. Alisema ana kazi ofisini.

Kule alikuta wanawake wapatao ishirini wamekaa chini ya vivuli vya makuti, hawana wanalofanya, wakimtazama anavyokuja. Aliyekuwa katikati yao, mama mnene wa umri wa kukaribia sabini, kanga kaifunga kifuani, hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kuhesabu nguzo au kung'oa?"

"Nimekuja kuuliza."

"Mh! Basi u wa kwanza. Wenzio wote wamekuja na majibu." Wanawake wakacheka. "Mimi Mwanamkasi. Kikundi hiki mwenyekiti wake mimi. Haya, uliza."

"Jana asubuhi mlianika kiasi gani?"

Kicheko kililipuka kiasi cha kumfanya Asheri ageuke nyuma kuangalia kama kuna kichekesho kingine. Mwanamke mmoja alijipiga paja. "Jana! Auliza jana!"

"Mwenyeji wa wapi wewe?" Mwanamkasi aliuliza, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Lushoto."

"Ndo maana. Mshambaa, n'kwambie kitu. Huko kwenu dagaa huota kwenye migomba, mwachuma siku yoyote mtakayo. Siye huku dagaa wana mwezi wao. Jana ilikuwa mwezi kumi na nne, siku ya kumi na nne tangu kuandama. Dagaa huvuliwa kwa taa, baba. Chombo chasimama kizani, taa yawashwa, dagaa waifuata ile taa, wavu washushwa. Sasa mbalamwezi ikiwaka, bahari nzima ni taa moja. Dagaa atafuata ipi? Toka mwezi tisa hatujawasha jiko. Na hatuwashi mpaka mwezi ishirini huko."

Asheri aliandika yote hayo. Katika barua ya mtendaji, katika taarifa ya kiwanja, hata katika simu aliyopigiwa kutoka Dar es Salaam, habari ya mbalamwezi haikuwamo. Alikuwa mtu wa milimani. Mwezi kwake ulikuwa wa kuangazia njia tu.

"Naomba nikague."

"Kagua. Hata mvunguni."

Alipitisha kidole juu ya nyavu za chanja. Kilitoka na vumbi kavu. Alinusa mbao. Alichuchumaa mbele ya majiko ya kuchemshia dagaa, yale ya udongo yaliyopangwa mstari, na mdomoni mwa jiko la tatu akakuta utando wa buibui umetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, mzima, na nzi wawili wamenasa ndani. Akaupiga picha kutoka pande tatu. Buibui alijivuta pembeni kwa kero.

"Huyo naye kamwandike shahidi," alisema mwanamke mmoja.

"Nimemwandika," Asheri alijibu, na safari hii walicheka pamoja naye. "Mama, bwana Rahimu aliambiwa haya?"

"Nilimwambia kwa mdomo huu. Kasema hayo masimulizi ya pwani, yeye ana barua."

"Na siku hizi ambazo hamna kitu, mwewe wanakuwa wapi?"

"Watafuta riziki, kama siye."

Asheri aliinua macho kutoka kwenye daftari lake. Jibu lile lilikuwa limetolewa kimzaha, lakini alilisoma mara mbili baada ya kuliandika.

"Na jingine," Mwanamkasi aliendelea, sauti ikiwa chini sasa. "Sabiri wa kiwanjani ni mkwe wangu. Kamwoa mwanangu Samiha. Miaka saba ala dagaa za mkono huu. Ajua mbalamwezi ikoje kuliko imamu. Jana Rahimu kasimama pale mlangoni pake, kanyoosha kidole huku, na mkwe wangu kimya. Mie siwezi kumuuliza, ni mkwe. Wewe muulize."

Njiani kurudi, Asheri alimpigia simu Anastazia. Muuguzi alikubali dakika mbili.

"Mwewe alitokea upande gani?"

"Kushoto." Sauti yake ilikuwa dhaifu lakini haikubabaika. "Kutoka chini. Hakuwa anapita, aliinuka. Nilimwona akiinuka kutoka kwenye nyasi, nikafikiri atakwepa."

"Ulikuwa umeelekea kaskazini?"

"Ndiyo. Bahari ilikuwa kulia kwangu, kama unataka kuuliza hilo."

"Nilitaka kuuliza hilo hasa. Pole sana, dada."

"Ukijua kwa nini alikuwa pale, uniambie. Jicho silalamikii. Nataka kujua tu."

Ndege iliegeshwa kwenye banda la mabati. Asheri aliizunguka kwa utaratibu wake wa siku zote, kuanzia puani kwenda kushoto. Kioo alikwisha kukiona. Alilala chali chini ya bawa, tochi mkononi, na hapo akakaa muda mrefu. Rangi nyeupe ya tumbo la ndege, kuanzia nyuma ya magurudumu, ilikuwa na michirizi ya kijani, kama mahali mtu alipopangusa mikono baada ya kufikicha majani. Alisugua mchirizi mmoja kwa pamba yenye maji. Pamba ikageuka kijani.

Alitoka nje akachukua nyasi zilizokatwa, zilizotapakaa kandokando ya njia ya kurukia. Zilikuwa zimesinyaa, lakini nyingine za chini bado zilikuwa na unyevu. Alizisugua kwenye karatasi: alama hafifu. Kisha akaokota nyasi kavu kabisa karibu na ukuta wa banda, za wiki nyingine, akazisugua kwa nguvu: hakuna kitu, vumbi tu. Mwisho akang'oa jani bichi lililosimama, akalisugua. Karatasi ikapata mchirizi ule ule.

Alimkuta Sabiri ofisini, mbele ya daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Nyasi za kiwanja zilikatwa lini?"

"Jumatatu jioni. Nimekwisha kuandika kwenye taarifa."

"Nyasi za Jumatatu, kwa jua hili, Jumatano asubuhi zingekuwa majani makavu. Majani makavu hayapaki rangi. Tumbo la ndege lina rangi."

Sabiri aliligeuza daftari na kulisukuma mbele ya Asheri, kama mtu anayetoa kitu cha thamani kumtuliza mgeni. "Tazama hii kwanza, mzee. Kabla hujaniona mjinga."

Ilikuwa hesabu ya mwewe, kila asubuhi saa moja, kwa miaka sita. Siku za giza: arobaini, hamsini, siku moja sitini na wawili. Siku za mbalamwezi: watatu, mmoja, hakuna, hakuna. Mwandiko ulikuwa nadhifu na hakuna siku iliyorukwa. Asheri, ambaye alikuwa amesoma daftari nyingi za viwanja vyenye mishahara mikubwa kuliko hiki, hakuwahi kuona iliyotunzwa hivi.

"Hakuna aliyenituma," alisema Sabiri. "Nilijifunza mwenyewe. Dagaa zikiwapo mwewe wapo, dagaa zikikosekana mwewe hawapo. Kwa hiyo kazi zote za kelele na za kuchafua uwanja, kukata nyasi, kufukia mashimo, nimeziweka siku za mbalamwezi. Miaka sita, hajagongwa hata shomoro."

"Ulikuwa unahesabia wapi?"

"Juu ya paa hili."

"Ukitazama upande gani?"

"Upande wa..." Sabiri alilitazama tena daftari. "Upande wa chanja."

"Basi ulikuwa unahesabu waliokaa mezani," alisema Asheri. "Ambao hawajapewa chakula hukuwahesabu. Kuna ndege itakayotua leo?"

"Hakuna mpaka kesho mchana."

"Tafuta fyekeo. Tutajaribu."

Ilikuwa saa sita na dakika saba. Mbingu ilikuwa tupu, rangi ya maziwa, na juu ya chanja hapakuwa na hata unyoya. Asheri alipima hatua hamsini kwa ishirini katika pembe ya mwisho ya kiwanja, mbali na njia ya kurukia. Sabiri alivua shati akaanza kufyeka. Panzi waliruka mbele ya fyekeo kama mafuta yanayoruka kwenye kikaango. Asheri alisimama kivulini, saa mkononi.

Dakika ya nne, hakuna kitu.

"Unaona?" Sabiri alisema, akihema.

"Endelea."

Dakika ya sita kilitokea kivuli kwenye nyasi kabla ya mwenye kivuli kuonekana. Mwewe mmoja alishuka kutoka juu sana, akakwapua, akapanda. Dakika ya nane walikuwa wanne. Walitoka kwenye minazi mikavu ya shamba la zamani, walitoka upande wa mikoko, walitoka juu kule ambako jicho la mtu halifiki. Dakika ya kumi na moja Asheri alihesabu kumi na tisa, wakizunguka, wakishuka, wakipanda tena kwa mshazari kutoka kwenye nyasi, kimo kile kile ambacho ndege inayoondoka huwa haijapata nafasi ya kukwepa.

Sabiri aliliacha fyekeo lianguke. Alisimama katikati ya mzunguko ule, uso umeelekea juu, na kwa kitambo hakuonekana mwenye hofu bali mwenye mshangao tu, kama mwanafunzi aliyeonyeshwa hesabu yake ilipokosea.

"Kumbe hawaondoki," alisema.

"Hawaondoki. Siku za giza wameshiba kule kwenye dagaa, nyasi zako hawazijali. Siku za mbalamwezi wana njaa ya siku tano, sita. Ukikata nyasi unawaandalia."

"Lakini miaka sita!"

"Miaka sita ulikata jioni, baada ya ndege ya mwisho. Usiku panzi wakatawanyika. Sasa niambie ya jana, bwana Sabiri, kwa sababu mimi nimekwisha kuijua, na ni afadhali itoke kwako."

Sabiri aliokota shati lake, hakulivaa. "Trekta liliharibika Jumatatu kabla sijaanza. Fundi alilimaliza Jumanne, usiku umeshaingia. Jumatano nyasi zimefika magotini, na zikifika magotini huficha ngiri, na ngiri akikatiza njia ndege inaweza kupinduka. Nikakata saa kumi na mbili na nusu. Nikasema mbalamwezi, mwewe hawapo, kazi yenyewe ni ya muda wa saa moja na nusu tu. Ndege ikaondoka saa mbili na dakika kumi."

"Na taarifa?"

"Kanuni inataka jioni. Niliandika Jumatatu."

"Na bwana Rahimu alipoonyesha kidole kule?"

"Nilijisemea nguzo zitasimikwa tena baada ya miezi miwili. Kazi haisimikwi tena." Akapangusa uso kwa shati. "Wanawake wanasubiri niseme mie?"

"Saa kumi watu wa bwana Rahimu watakuwa kule na mitaimbo. Mimi nitatoa karatasi yangu. Lakini karatasi yangu ni ya mgeni, na bwana Rahimu amekwisha kusikia masimulizi ya pwani."

Saa kumi kasoro dakika kumi walikuwa chanjani. Rahimu, mwembamba, mwenye faili kwapani, alikuja na vijana wanne. Wanawake walikuwa wamesimama mstari mbele ya nguzo. Mwanamkasi alikuwa mbele yao.

Sabiri alisogea hadi katikati, akakaza macho kwenye mchanga.

"Mheshimiwa, dagaa hazikuwapo jana. Nyasi nilikata mimi, asubuhi, na nikaandika uongo. Mwewe alifuata nyasi."

Rahimu alimgeukia Asheri, naye akampa ukurasa mmoja uliotiwa sahihi. Mtendaji aliusoma polepole, akarudia sehemu ya mwisho kwa sauti: "'Hata hivyo, dagaa zinazoanikwa siku za giza ndizo zinazowafanya mwewe wengi kiasi hiki waishi jirani na kiwanja, na jambo hilo lichunguzwe zaidi.' Kwa hiyo hawa nao wamo."

"Wamo," alisema Asheri.

"Ala!" Mwanamkasi aliweka mikono kiunoni. "Yaani tukianika tuna makosa, tusipoanika tuna makosa?"

"Si makosa, mama. Ni sababu mojawapo, na siwezi kuiacha kwa kuwa tu nimewapenda. Lakini ukizing'oa nguzo leo, bwana Rahimu, mwewe hamsini watakosa chakula mwezi mzima badala ya siku kumi. Watakwenda wapi?"

Rahimu alitazama juu. Mwewe wawili walikuwa wakizunguka kule kiwanjani, taratibu, juu ya nyasi zilizofyekwa mchana. Akaifunga faili. "Nasubiri ripoti kamili," alisema, akawapungia vijana wake mkono waondoke.

Wanawake walipiga vigelegele, isipokuwa mmoja. Mwanamkasi alikuwa bado anamtazama Asheri.

"Na huyu?" aliuliza, bila kumtaja.

"Ripoti itasema saa aliyokata nyasi, na itasema alichoandika. Waliomwajiri ndio watakaoamua."

"Kwa hiyo chanja n'nazo, na mwanangu hana wa kumlisha."

"Huenda ikawa hivyo, mama."

Sabiri alikuwa hatua tatu tu kutoka kwa Mwanamkasi, lakini mkwe haambiwi jambo zito uso kwa uso, na mama yule hakuwa tayari kuivunja heshima hiyo hata leo.

"Mwambie mkwe wangu," alimwambia Asheri, kwa sauti ya kusikika na wote, "yule binti rubani asije akayasoma haya kwenye karatasi. Na aende sasa hivi, amwambie kwa mdomo wake. Akitukanwa, anyamaze. Kisha arudi nyumbani, kwani Samiha ataka kujua atapika nini, na kuanzia mwezi ishirini siye twahitaji mtu mwenye mikono ya kuchochea moto."

Asheri alimgeukia Sabiri. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Akaenda kwenye pikipiki yake. Asheri angeweza kumchukua kwa gari, maana naye alikuwa anaelekea Tanga mjini, lakini mchunguzi hasafiri na shahidi wake. Alisimama akaisikiliza pikipiki ikishika njia kuu. Akatazama saa, akaandika kwenye daftari: saa kumi na dakika ishirini, msimamizi ameondoka kwenda hospitali. Alisoma sentensi hiyo, kisha akaikata kwa mstari mmoja mnyoofu, kwa kuwa haikuwa sehemu ya uchunguzi.